Mzee Aliyekataa Mbasela

Kwenye masoko ya Tunduma, ukishachagua fungu lako la nyanya na kulilipia, muuzaji huokota nyanya nyingine pembeni akaitupia juu ya zako. Hiyo ndiyo mbasela, neno lililovuka mpaka kutoka upande wa Zambia likabaki huku. Haiombwi sana, wala haishukuriwi sana. Inakuja tu, kama salamu. Sijawahi kumwona mtu akiikataa, isipokuwa baba mwenye nyumba wangu.

Yeye aliitoa. Aliingiza mkono kwenye kikapu, akapapasa mpaka akaipata ile ya ziada, akairudisha mezani polepole, bila hasira, kama mtu anayerudisha kitu kilichodondoka.

"Mzee, hiyo nimekupa," mama wa nyanya alimwambia siku ya kwanza nilipofuatana naye.

"Najua umenipa."

"Sasa?"

"Sasa nitaila lini?"

"Kesho!"

"Kesho nitakuja kununua nyingine. Nisipokuja utalala njaa."

Mama wa nyanya aliwageukia wenzake wa meza za jirani. "Mnamsikia huyu? Nyumba nzima ya kupangisha, lakini nyanya moja imemshinda mahali pa kuiweka." Wakacheka. Wao walimwita Mzee Robo, kwa sababu kabichi alinunua robo, na mafungu yao aliomba yavunjwe. Muuzaji hapendi kuvunja fungu. Fungu likivunjwa linabaki na pengo, na mteja anayefuata huliona kama mabaki. Lakini yeye alisimama pale akiwa ameinamisha kichwa, anasubiri, na mwishowe walimvunjia, kwa sababu alikuja kila siku na hakuwahi kukopa.

Mimi nilisimama nyuma yake nikiona aibu kwa niaba yake. Nina tabia hiyo. Nilijiuliza kama watu wanadhani mimi ni binti yake, na kama wakidhani hivyo, je, nami watanivunjia fungu bila kuniuliza? Nilikuwa nimemaliza chuo, nimepata kazi ya mkataba mfupi kwenye ofisi ya kupitisha mizigo mpakani, na nilipanga chumba kwenye uwanja wake. Kila jambo lilikuwa linanitia hofu, hata bei ya vitunguu.

Alikuwa mnene. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo watu walilokuwa wakilisema. Tumbo lake lilimtangulia mlangoni, na mkononi akashika kikapu kidogo ambacho hata mtoto angekibeba kwa kidole. Vitu hivyo viwili havikuelewana. Mtu anayenunua robo ya kabichi, watu waliuliza, anapata wapi tumbo la namna ile? Na kwa kuwa kila mtu mtaani alijua kwamba mke wake anaumwa, amelala chumba cha mbele, na kwamba anazidi kukonda, jibu lilipatikana haraka. Nilihamia pale nikaambiwa na jirani kabla sijatandika kitanda: yule mzee anakula chakula cha mgonjwa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba ilikuwa kweli. Nitalieleza.

Kwanza nieleze namna yake ya kwenda sokoni, maana sijaona mtu mwingine anayeenda vile. Asubuhi, baada ya chai, alizunguka jikoni akifunua sufuria. Alifunua zote, hata alizojua kwamba ni tupu. Macho yake yalikuwa yamefifia, ndiyo yaliyomtoa kwenye kazi ya udereva, kwa hiyo aliinamisha uso mpaka mvuke wa jana, kama ungekuwapo, ungemgusa pua. Akanusa. Akafunika. Akafungua kopo la unga akaingiza mkono. Akagusa vitunguu kimoja kimoja, kile kilicholegea akakitenga, na hicho ndicho kilichopikwa siku hiyo hata kama alikuwa na kingine kizuri zaidi. Ndipo alipotoka nje na kupiga kelele uwanjani, "Nani anasafiri leo? Nani ana mgeni?" kwa sababu wapangaji wengine walimpa hela awanunulie. Ukisema utakuwepo kisha ukaenda Vwawa kulala kwa dada yako, hakukuambia kitu. Ila siku iliyofuata alikuuliza mara mbili.

Hakwenda sokoni na njaa. Hilo lilikuwa kama sheria ya dini kwake. "Ukienda na njaa," aliniambia, "tumbo ndilo linalonunua. Na tumbo halipiki." Akifika, alilizunguka soko lote mara moja huku mikono iko nyuma, hata kama anajua anachotaka. Watu walidhani anatafuta bei. Hakuwa anatafuta bei. Alikuwa anaangalia kitu gani kimekomaa leo, kitu gani kitasubiri. Nyanya alichagua kwa vidole, na parachichi kwa kulibonyeza karibu na kikonyo. Alichukua parachichi moja la kula jioni na moja gumu la keshokutwa, akayaweka pande mbili tofauti za kikapu ili asiyachanganye. Majani ya maboga alinunua mwisho, akiwa anaelekea nyumbani, ili yasikae juani akizungumza na watu.

Alikuwa na friji. Kubwa, nyeupe, aliyoileta mwenyewe miaka ya safari zake. Hakuiwasha. Ndani yake aliweka unga na mchele, kwa sababu panya hawakuweza kuufungua ule mlango. Nilimwuliza kwa nini, nikidhani ni umeme.

"Friji inakusahaulisha," alisema. "Unaweka kitu, unafunga mlango, moyo unatulia. Baada ya wiki unafungua, hujui kama ni mboga au ni nini."

"Lakini baba, ukiiwasha ungenunua mara moja kwa wiki."

"Ndiyo. Nikanunua vya wiki, tukala vya siku nne."

Nisimfanye malaika. Alikuwa mkaidi, na mara nyingine alichosha. Mgeni wa ghafla alimharibia siku. Alimkaribisha vizuri, akamwekea kiti, kisha akaenda nyuma ya nyumba akasimama peke yake akipiga hesabu kwa midomo. Aliwahi kuzozana na mchungaji aliyekuja kumwombea mke wake, kwa sababu mchungaji alileta mkungu mzima wa ndizi mbivu. "Nani atazila hizi?" alimwuliza mtumishi wa Mungu, ndizi bado ziko begani kwa mtu. Na huyuhuyu, kijana wa chumba cha mwisho alipokosa kodi kwa miezi, hakumfukuza wala hakumkumbusha. Mkaa wake aliuacha nje, mwenye kuhitaji akachukua. Maji ya kisima aligawa. Ubahili wake, kama ni ubahili, ulikuwa kwenye kitu kimoja tu, nami nilichelewa kuelewa kwamba hata hapo haukuwa ubahili.

Nilianza kuelewa kwa sababu ya tenga.

Tunduma ni mji wa foleni. Malori yanayosubiri kuvuka yanajipanga kando ya barabara, na foleni ikikwama, vitu vya kuoza vinashuka bei. Mwenye mzigo anaona ni heri auze hapohapo kuliko kuvusha uozo. Habari ikitoka, watu wanakimbia na ndoo. Ni ugonjwa wetu sisi tunaoishi pale: tunanunua kwa sababu foleni imekwama, si kwa sababu tuna njaa. Wiki hiyo nilikuwa nimesikia kwamba mikataba yetu ofisini huenda isiongezwe. Nikawaza: nikikosa kazi, angalau niwe na nyanya. Sasa hivi sentensi hiyo inachekesha. Siku ile ilionekana ni mpango. Nilinunua tenga zima, nikalipeleka nyumbani kwa bodaboda, nikalisukuma chini ya kitanda.

Baba mwenye nyumba alisikia harufu kabla yangu. Alisimama mlangoni pangu, hakuingia.

"Binti. Una nini humo ndani?"

"Nyanya, baba."

"Fungu?"

"Tenga."

Nilianza kujieleza: bei, mkataba, uwezekano wa mvua kuharibu barabara, kwamba nyanya hutumika kwenye kila mboga. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo watu wengi hawanifanyii.

"Hujanunua nyanya," alisema. "Umenunua wasiwasi. Vuta tenga nje tuone kama kuna nyanya ndani yake."

Tulikaa kwenye mkeka tukachambua mpaka jua likahama ukutani. Zilizopasuka tukazichemsha kuwa rojo. Ngumu tukazitandaza kwenye majani makavu bila kugusana. Za katikati akaita majirani, akawapa bila maneno mengi. Zilizobaki, zile zilizokuwa maji, nilizibeba shimoni mwenyewe, naye akanifuata, akasimama pembeni wakati nazimwaga. Nilidhani atanihubiria. Badala yake akanisimulia kuhusu machungwa.

Alikuwa amepakia machungwa kwenda Zambia. Karatasi moja ilikosekana, akazuiliwa, na mwenye mzigo hakupatikana. Machungwa yalianza kuiva sana, kisha kuvuja. "Nililala chini ya gari kukwepa jua," alisema, "na maji matamu yananidondokea. Nyuki walijaa. Sikuweza kula machungwa hayo kwa kuwa si yangu, wala sikuweza kuyagawa. Nikayasikiliza yanaoza. Yanatoa sauti, unajua? Sauti ndogo." Alisukuma nyanya moja shimoni kwa mguu. "Nikarudi nyumbani nikamkuta huyu," akaonyesha chumba cha mbele kwa kidevu, "amepika. Alikuwa anapika kila jioni, sufuria ya watu wawili, kwa kudhani nitafika. Asubuhi anagawa kwa majirani huku analia. Nikamwambia, kuanzia leo sokoni nitakwenda mimi. Nikiwa safarini utajinunulia mwenyewe cha mtu mmoja. Nikirudi nitanunua njiani."

Hivyo ndivyo mwanamume wa malori alivyoshika kikapu. Wenzake walimcheka, na yeye akaendelea.

Sasa nimseme mke wake. Tulimwita mama, sisi wote wa uwanjani. Alikuwa mtu wa Iyula, na Kiswahili chake kilipanda na kushuka kwa mawimbi ya Kinyiha. Alikua kwenye shamba la mahindi na kahawa, na kwao mtoto akiacha ugali kwenye sahani hakupigwa, ila mama yake aliuchukua ule ugali akaushika mkononi akautazama, na mtoto akaona heri angepigwa. Hayo alinisimulia mwenyewe. Alimwita mume wake Dereva, hata baada ya gari kuuzwa.

Ugonjwa ulikuwa wa tumbo. Walikuwa wamekwenda Mbeya hospitali, wakarudi na dawa na neno moja la daktari ambalo mzee alilirudia kama wimbo: ale. Ale kidogokidogo, mara nyingi, lakini ale. Akiacha kula, dawa hazitafaa kitu. Nyumba nzima ilizunguka neno hilo. Uji wa karanga asubuhi, yai, maziwa, samaki wa Rukwa mchana, parachichi jioni. Na shida ikawa hii: kila sahani ilipobaki na chakula, mama alikitazama, kama mama yake wa Iyula alivyotazama, na akasema, "Msinipikie tena. Naharibu tu vya watu." Na akisema hivyo, mpaka kesho yake hakugusa kitu.

Kwa hiyo mzee alipunguza. Ndiyo maana ya robo ya kabichi, na ya nyanya zilizotolewa kwenye fungu, na ya kipande cha samaki, na ya mbasela iliyorudishwa mezani. Alikuwa anatafuta kiasi ambacho mke wake atakimaliza. Sahani ikiwa ndogo ataimaliza, akiimaliza atakubali nyingine. Na kilichobaki hata hivyo, maana hakikukosa kubaki, alikibeba jikoni akakila amesimama, haraka, kisha akarudi na sahani tupu akamwonyesha. "Umeona? Kimebaki kidogo tu, nimewapa kuku." Chakula cha mgonjwa ni chakula kizuri. Karanga, mayai, maziwa, mara nyingi kwa siku. Ndipo tumbo lilipotoka.

Nilimkuta siku moja jikoni, kijiko mdomoni, machozi ya moshi au machozi mengine yakimtoka. Alikuwa anamalizia uji uliokwisha poa. Alinitazama, akameza.

"Usiniangalie hivyo," alisema. "Hata sina njaa."

Kwa ajili yake mwenyewe hakununua kitu. Alijua atakula mabaki, kwa hiyo kununua sehemu ya pili kungekuwa kununua cha kutupa. Hesabu ilikuwa safi, nami niliikubali. Nilikuwa nimeanza kuvunjisha mafungu na mimi, na chini ya kitanda changu hapakunuka tena. Nilidhani nimekutana na mtu ambaye hakosei kwenye jambo lake.

Jumamosi moja alikwenda kufuata dawa, akaniomba nikae na mama. Nikampelekea parachichi na kipande cha mkate. Akala nusu, akaisukuma sahani.

"Mama, malizia kidogo."

"Hiyo ya Dereva."

"Baba atakula yake."

Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mtu mwingine. "Wewe unaishi hapa na hujaona? Dereva hajinunulii. Anadhani sijui. Nikimaliza yote, yeye atalala na nini?"

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, na kichwa changu kikafanya kile ambacho hukifanya siku zote. Je, nimwambie? Ni siri ya mke na mume. Nikimwambia ataumia. Nisipomwambia, mama ataendelea kuacha nusu ili mume ale, na mume ataendelea kupunguza ili mke amalize, na kila mara sahani itakuwa ndogo zaidi, mpaka lini? Niliogopa atanifukuza chumba. Niliogopa pia kwamba nimesikia vibaya, ingawa nilisikia vizuri. Mwishowe nilichokiona ni sahani yenyewe. Kila mmoja anamwachia mwenzake, na katikati daktari amesema ale.

Alipotokea getini na mfuko wa dawa nikamwambia hapohapo, kabla sijaanza kufikiri upya.

"Baba, mama haachi chakula kwa kushindwa tu. Anakuachia wewe. Anasema hujinunulii."

Aliuweka mfuko chini. Akakaa kwenye ngazi nilipokuwa nimekaa mimi. Nikaanza kuomba msamaha, akaniinulia mkono ninyamaze.

"Miaka yote hii," alisema, "nauliza chakula kitaliwa lini. Sikuuliza kitaliwa na nani."

Siku iliyofuata nilimsindikiza tena sokoni. Kwa mama wa samaki alinyoosha vidole viwili.

"Wawili?" mama wa samaki aliuliza. "Mzee Robo, umepata mke wa pili?"

"Mke ni yuleyule. Nimepata mume wake."

Walicheka sana mezani pale, na yeye alicheka kidogo. Kwa mama wa nyanya alichukua fungu zima bila kulivunja. Mbasela bado aliirudisha.

Mchana ule alibeba sahani mbili mpaka chumba cha mbele, akavuta kigoda kando ya kitanda, akaanza kula. Nilikuwa mlangoni na jagi la maji.

"Dereva," mama alisema, "umejinunulia?"

"Nimejinunulia."

"Samaki mzima?"

"Mzima. Angalia."

Aliangalia. Aliangalia kwa makini kama afisa wa forodha. Kisha akavuta sahani yake. Hakumaliza yote, mgonjwa ni mgonjwa, lakini alikula zaidi ya nusu, na kilichobaki kilikuwa kweli cha kuku, na kuku wakapewa mbele ya macho yake. Siku zilizofuata zilikuwa nzuri. Alikaa nje juani. Alinicheka ninavyokata vitunguu. Tumbo la mzee likaanza kurudi ndani, na majirani, ambao hawachoki, wakasema sasa anajinyima.

Mkataba wangu haukuongezwa, kama nilivyoogopa, lakini nikapata kazi nyingine Vwawa, jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kati ya yote niliyoyafikiria. Nilihama. Mvua zilipoanza mama alizidiwa, na zilipokolea nikapigiwa simu.

Kwenye msiba chakula ni cha watu wote. Mahindi yalitoka Iyula kwa magunia, ndugu wakaja na ndizi, majirani na mchele, wanawake wakapika kwenye masufuria ambayo mtu mmoja hawezi kuyanyanyua. Kilibaki kingi. Kilimwagwa kingi. Nilimtafuta baba mwenye nyumba kwa macho, nikidhani nitamkuta jikoni ameinama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanaume, mikono juu ya magoti. Walipombeba mama kwenda kumzika kwao, na tuliporudi, na siku zote nilizokaa pale, hakufunua sufuria hata moja. Hilo liliniogopesha kuliko kilio.

Nilirudi Vwawa. Nilimpigia simu mara kwa mara, akasema hajambo. Nilimwuliza amekula nini, akasema amekula. Nikawa nalala nikijiuliza "amekula" ni neno gani.

Nilimwona tena juzijuzi tu. Ofisi ilinituma Tunduma, nikamaliza mapema, nikala wali na maharage na wenzangu kwenye mgahawa, sahani imejaa kama milima ya Ileje, kisha nikapita sokoni kununua kitu cha kumpelekea. Yeye mwenyewe alikuwa pale. Alikuwa amesimama mbele ya mama wa samaki, kikapu kitupu mkononi, shati linamcheza mwilini. Hakuwa mnene tena. Mama wa samaki alikuwa anawahudumia watu waliofika baada yake, na alipomgeukia akamwuliza kwa upole, "Mzee wangu, leo je?" naye akatikisa kichwa.

Nikamshika mkono. Alinitambua kwa sauti.

"Binti! Umekula?"

Nilikuwa nimeshiba kiasi cha kuumia.

"Bado, baba."

Uso wake ukabadilika. Akamgeukia mama wa samaki akanyoosha vidole viwili. Kwa mama wa nyanya alichukua fungu, na yule mama, aliyezoea, akafunga mkono bila kuongeza kitu.

"Na mbasela yangu?" mzee alisema.

"Hee! Tangu lini?"

"Nina mgeni."

Mama wa nyanya hakumcheka. Alichagua nyanya nzuri kuliko zote mezani, akaiweka ndani ya kikapu kwa mkono wake.

Nyumbani alipika mwenyewe, akanizuia kumsaidia. Tulikula, yeye kwenye kigoda kilekile, mimi kwenye kiti. Mimi nilikata samaki wangu vipande vidogo, nikavisogeza, nikameza kwa shida. Yeye alikula kidogo, kisha akaacha. Nusu ya samaki, sehemu nzuri ya mgongo, ilibaki. Akaisukuma sahani kuelekea kwangu.

"Malizia. Umekonda."

Niliitazama ile sahani. Je, ameshindwa, au ananiachia? Na nikiila, je, kesho ataacha tena, na kumsukumia nani? Nilifikiria mama juu ya kitanda, na sahani zilizokuwa zikipungua kila siku kwa sababu watu wawili walioneana huruma bila kuambiana.

"Baba," nilisema, "nilikudanganya sokoni. Nimekula. Wali na maharage, sahani nzima. Hata hii yangu simalizi. Siachi kwa ajili yako. Nimeshiba tu."

Mabega yake yakatikisika. Alikuwa anacheka.

"Nilijua. Mtu mwenye njaa hawezi kupita kwenye maandazi ya pale sokoni bila kupunguza mwendo."

"Sasa kwa nini ulinunua?"

"Samaki mmoja nimeshindwa kumnunua," alisema. "Kila siku nafika pale. Najua nitamla lini. Nakuwa nimesimama tu."

Nilimsogezea sahani yake. Aliivuta karibu, akainama kuangalia, akaanza kula. Alikula polepole, akitoa miiba na kuipanga ukingoni, mpaka ukabaki mgongo mtupu. Cha kwangu kilichobaki akakifunika na sahani nyingine. "Hiki changu cha asubuhi," alisema, "nitakila bila kujificha."

Kisha akanyanyuka, akaenda jikoni. Nilimsikia akifunua sufuria. Ya kwanza, ya pili, mpaka ile ndogo ya uji ambayo haikuwa imetumika tangu mama aondoke. Alinusa, akaifunika.

"Unga umebaki wa kesho tu," alisema kutoka gizani mle ndani. "Na kitunguu kimoja kimelegea."